Siku Baba Mkubwa Alipolala Chini ya Gari

Hivi karibuni, katika gereji moja ya Njoro, mjini Moshi, fundi alilegeza nati chini ya gari la jirani yangu, na harufu ikanifikia kabla sijaona kilichomwagika: harufu ya sukari iliyoungulia sufuriani, imechanganyika na ya mpira na chuma. Ni oili ya giaboksi ya otomatiki iliyoungua. Jirani yangu alishika kichwa. Mimi, nisameheni ninyi mnaonisoma, nilivuta pumzi ndefu kwa raha. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya mkate au ya mvua ya kwanza. Mimi naukumbuka kwa harufu ya kisasi.

Baba alilinunua gari letu kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifungasha virago wakati mashamba makubwa ya kahawa yalipotaifishwa. Halikuwa na klachi, na kwa sababu hiyo watu wa Kibosho walilidharau. Waliliita gari la mvivu, ambalo mguu mmoja wa dereva wake uko likizo. Kila msimu wa kuchuma kahawa ulipokwisha, baba alitandika majani makavu ya mgomba uani, akalala chali chini ya gari na kumwaga oili chakavu ya giaboksi. Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alichuchumaa kando na kitabu cha gari mapajani, akimsomea Kiingereza kile kwa Kiswahili. Oili mpya ilikuwa nyekundu kama buni iliyoiva mtini. Waliimimina kwa faneli katika mrija uleule kinamokaa kijiti cha kupimia, kisha wakapima huku injini inanguruma. Hapo ndipo gari lile lilipotofautiana na mengine. Injini ikizimwa, oili hurudi chini, na kijiti hudanganya kwamba imezidi. "Washa kwanza, ndipo uulize," baba alipenda kusema, na msemo huo aliutumia hata kwa watu wapole.

Masika moja baba alifariki. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo waliketi uani kwetu, na Baba Mkubwa, kaka yake baba, akasimama. Alikuwa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Tarakea mpakani, mtu wa sauti kubwa na kofia kubwa zaidi. Tulikuwa mabinti watatu, wala hapakuwa na mtoto wa kiume wa kurithi kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa tulilolala, kula na kumzika baba ndani yake.

"Shemeji, pole sana," alimwambia mama. "Lakini gari si sufuria. Gari linataka mwanaume. Na hicho kihamba tutakizungumza mavuno yakiisha."

Mama aliingia ndani, akatoka na ufunguo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Baba Mkubwa alifungua boneti mbele ya watu wote, gari likiwa limezimwa na kupoa, akachomoa kijiti cha giaboksi na kuangua kicheko.

"Hebu tazameni! Wamejaza kama wanajaza mtungi wa pombe ya mbege! Ndiyo maana gari linajikokota."

Akaomba spana, akapiga magoti, akalegeza nati. Oili nyekundu ya baba ikatiririka juu ya udongo wetu hadi kijiti kilipomridhisha. Nilifungua kinywa nimwambie. Mama alinifinya mkono, na alama ya kucha zake nilitembea nayo hadi Jumapili.

"Wewe ndiye mwanaume, shemeji," alisema kwa sauti laini kama maziwa ya mgando.

Baba Mkubwa alipotoweka na gari njiani, mama aliingia chumbani, akalisukuma galoni la oili lililobaki hadi nyuma kabisa ya uvungu wa kitanda chake, akalifunika kwa gunia. Enzi zile hata sabuni tuliipangia foleni. Oili ya namna ile ilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari.

Gari halikufa mara moja. Lilianza kusitasita, kisha likawa linanguruma bila kwenda. Niliposikia likipanda kwa shida nyuma ya migomba, niliomba, kwa lugha ya katekisimu niliyokuwa nimefundishwa vizuri, lizidi kuugua. Sala yangu ilijibiwa siku ya harusi ya Aloyce, mwanawe Baba Mkubwa. Gari lilikuwa limembeba bibi harusi kupanda kuelekea kanisani. Katikati ya mlima injini ikapiga kelele, moshi ukatoka, na gari, likiwa na maua yake yote, likaanza kurudi nyuma taratibu kuwaelekea wakwe. Wanaume wa suti wakalishika kwa mabega. Bibi mmoja aliyebeba kibuyu cha mbege akasema kwa sauti ya kusikika hadi bondeni: "Baba Aloyce, shuka usukume! Si tuliambiwa gari linataka mwanaume?"

Nilicheka hadi nikakalia matope na gauni langu la kwendea harusini.

Mafundi wote wa Moshi walimpa Baba Mkubwa jibu moja: oili ile haipo. Fundi Kalasinga aliyekuwa akimuuzia baba alimwambia, "Ya mwisho alichukua ndugu yako. Muulize mkewe."

Basi akaja. Alikuja asubuhi na wazee wawili, na mkononi alishika isale, lile jani refu la kijani ambalo kwetu Uchagani, likiletwa na aliyekukosea, huna ruhusa ya kulikataa. Nilisimama nyuma ya mlango nikimwomba mama kimoyomoyo alikatae hata kama mlima utapasuka.

"Mama Veneranda, nimekosa," alisema Baba Mkubwa.

Mama hakunyoosha mkono. "Umekosa nini, shemeji? Sema, wazee wasikie."

"Hili la gari."

"Na lipi jingine?"

Kuku walipita kati yao. Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Sema, bwana, jua linapanda."

"Na la kihamba," alisema, akitazama viatu vyake. "Kihamba ni chako na wanao."

Hapo ndipo mama alipolipokea jani. "Nimesamehe. Gari lirudi hapa uani, nami nitalitazama. Ila mimi ni mwanamke, siwezi kulala chini ya gari mbele ya wakwe zangu."

Gari lilisukumwa hadi kwetu. Baba Mkubwa alilala chali juu ya majani ya mgomba kwa shati lake jeupe, na mama akaketi kwenye kigoda, kitabu mapajani. "Kushoto, shemeji. Hapana, kushoto kwako." Nati ilipoachia, oili nyeusi yenye harufu ya sukari iliyoungua ilimwangukia kifuani na shingoni. "Pole," alisema mama, na akageuza ukurasa. Walipomaliza kusafisha sampu, lile sinia la oili chini ya giaboksi, na kumimina ile nyekundu, mama aliingia, akawasha, akapitisha gia zote moja moja, akapima. Kisha akafunga mlango wa gari na kuondoka nalo kwenda sokoni, akimwacha Baba Mkubwa amekaa chini.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tuliokolewa na ujinga wa Baba Mkubwa. Nilikuwa mtu mzima, nami mwenyewe nina gari na mabinti, nilipotambua kwamba sentensi moja tu ya mama ingeliponya gari siku ile ya kwanza, na ingetupotezea kihamba. Aliliacha gari liungue kwa makusudi, kwa sababu alijua mtu yule hangeleta isale kwa ajili ya shamba, bali angeleta kwa ajili ya aibu.

Mama alimsamehe kweli. Alimuuguza uzeeni, akampikia mtori, supu yetu ya ndizi, na Baba Mkubwa alipofariki, mama alilia kuliko binti za marehemu. Nami nilihudhuria mazishi, nikatupa udongo wangu kama wengine. Lakini jani lile aliletewa mama. Mimi hadi leo hakuna aliyeniletea.