Dalali wa Dagaa Aliyegeuka Muuza Vitabu vya Ukimya

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Mirongo umekwisha kuamka. Maduka yanafunguliwa, wapakiaji wanaitana, na upepo wa ziwani unapekua kurasa za vitabu vilivyopangwa juu ya meza iliyotandikwa kitenge. Evelina Shigela anaviwekea vijiwe juu, kimoja baada ya kingine, visifunuke.

Mteja wa kwanza leo hataki kitabu. Anataka usingizi.

"Shikamoo, mayu," anasema, akimwita mama kwa Kisukuma. Ni Malimi, mchuuzi wa ng'ombe, mwenye mabega mapana na macho mekundu.

"Marahaba, baba. Mbona macho hivyo?"

"Silali. Nikifumba macho, ng'ombe wote wa mnadani wanapita humu kichwani. Nimeambiwa wewe una kitabu."

Evelina hana haraka. Anamuuliza kama anasali. Malimi anajibu kwamba anasali sana, ila anasema peke yake mpaka anachoka, halafu anabaki vilevile. Evelina anatabasamu, anachomoa kitabu chembamba chenye jalada la bluu, kazi ya mtawa mmoja wa siku hizi aliyeandika kuhusu sala isiyo na maneno.

"Usikimeze chote kwa mkupuo," anamwambia. "Soma ukurasa, funga, kaa. Ng'ombe wakipita, waache wapite. Usiwafukuze, na usiwahesabu."

Malimi anacheka mpaka mabega yanatikisika. Anaondoka na kitabu kwapani.

Ili kumsikia Evelina inabidi umsogelee. Sauti yake ni nyembamba, yenye mikwaruzo, kama mtu anayenong'ona kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Ukimsikia leo hutaamini kwamba mwanamke huyu wa miaka hamsini na miwili alikuwa dalali wa dagaa kule mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, na kwamba jina alilopewa na wenzake lilikuwa Honi.

"Nilikuwa nataja bei upande huu, mnunuzi aliyesimama kule kwenye malori anainua mkono," anasimulia. "Sikuhitaji kipaza sauti. Hata nyumbani nilikuwa naongea hivyohivyo. Niliolewa nikiwa napiga kelele."

Kisha sauti ikaanza kukatika. Mwanzoni alidhani ni mafua, akanywa tangawizi na asali, akaendelea kunadi. Alipofika hospitali aliambiwa ana uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Ulitolewa salama, lakini daktari akampa sharti lililomtisha kuliko kisu chenyewe: asiseme neno lolote kwa wiki kadhaa.

"Nililia," anasema Evelina. "Na hata kulia niliambiwa nilie bila sauti."

Wodini alikuwepo muuguzi mtawa, Sista Bernadeta, aliyemwona akijigeuzageuza kitandani kama samaki aliyetolewa majini. Siku moja alimletea kitabu kilichochakaa pembe. Hakikuwa kitabu cha miujiza wala cha kutafuta utajiri. Kilieleza jinsi mtu anavyoweza kukaa kimya mbele za Mungu bila kumwomba kitu.

Sista huyo, ambaye sasa amestaafu na anaishi Pasiansi, anakumbuka vizuri. "Nilimwambia, Evelina, ukimya umeshapewa, hukuuomba. Basi angalau ujue unakaa ndani yake namna gani."

Evelina alikisoma kwa shingo upande. Kurasa za mwanzo zilimuudhi. Ila kulikuwa na mahali mwandishi alisema mtu asipigane na mawazo yake, na hapo akasimama. Anaeleza alivyoelewa, kwa maneno ya mtu wa mwaloni: "Mawazo yanapita kama mitumbwi. Si lazima upande kila mmoja."

Aliporudi nyumbani, mumewe Obedi, fundi wa mitumbwi, hakujua afanye nini na nyumba iliyonyamaza. "Siku za kwanza nilidhani tumegombana," anasema Obedi. "Baadaye nikagundua kwamba nami nina mengi ya kusema. Miaka yote sikuwa nimepata nafasi."

Sauti ilirudi, lakini ikarudi hivi ilivyo sasa. Evelina alikwenda tena mwaloni, akasimama mbele ya magunia yake, akataja bei. Hakuna aliyegeuka. Pembeni yake, Agutu, mwanamke wa Rorya ambaye walikuwa wakishindana kwa sauti tangu ujana, alinadi mara moja tu na wanunuzi wakamfuata. Wakamfuata siku hiyo, na siku iliyofuata, mpaka wateja wa Evelina wakawa wa Agutu.

"Nilimchukia, tena si kidogo," anasema Evelina, akikunja pembe ya kitenge. "Nilikuwa nasoma habari za kumsamehe jirani, nikifika hapo namwona Agutu kwenye ukurasa."

Aliacha dagaa. Mtaji uliobaki aliutumia kuagiza boksi la vitabu kutoka kiwanda cha uchapaji cha misheni, kwa msaada wa Sista Bernadeta. Vingi vilikuwa vipya, vya waandishi wa zama hizi: watawa, wachungaji, na hata mama mmoja wa watoto wanne aliyeandika kuhusu kumtafakari Mungu huku anaosha vyombo. Bei zilianzia shilingi elfu tatu.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Wapita njia waliulizia vitabu vya kufungua biashara na vya kushinda maadui. Walipoambiwa hivi ni vya kutulia, waliguna. Wengine walimtilia shaka. Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza, kukaa kimya bila kusema neno ni dini gani hiyo?

"Nilimjibu, baba, ukienda kumwona mgonjwa unayempenda, unasema muda wote? Si kuna wakati unamshika tu mkono?" Mzee alinunua kitabu wiki iliyofuata, na mpaka leo ni mteja.

Hata hivyo jambo lililoigeuza meza ya Evelina lilikuja kwa miguu ya mtu ambaye hakumtarajia.

Ilikuwa mchana, kabla ya mvua. Agutu alitokea na ndoo yake tupu, akasimama mbele ya vitabu bila kusalimia. Evelina naye hakusalimia. Walitazamana kama wanawake wawili waliokutana kwenye kisima kimoja.

"Mama yangu amefariki," Agutu alisema hatimaye. "Tumemzika Rorya. Nimerudi huku, nikifika nyumbani nawasha redio vyumba vyote viwili. Siwezi kuisikia nyumba. Wanasema wewe unauza dawa ya hiyo."

Evelina anakiri kwamba hasira ilimpanda. Alimwona mbele yake mtu aliyechukua riziki yake, na mtu huyohuyo alikuwa amefiwa na mama. "Nikajisemea, mtumbwi huo unapita, Evelina, usipande." Akasogeza kigoda.

Agutu alimwambia kwamba kusoma si kazi yake, macho yanachoka. Basi Evelina akafungua kile kitabu chake mwenyewe, kile alichopewa wodini, akaanza kumsomea. Malori yalikuwa yanapita, mvua imeanza kugonga mabati ya maduka, na ile sauti yake nyembamba haikufika mbali.

Agutu anasimulia yaliyofuata huku akijipangusa macho na kucheka kwa pamoja. "Sikusikia kitu. Ikabidi nisogee. Nikasogea tena. Mwishowe sikio langu liko mdomoni kwake. Tulipigiana kelele kwa miaka mingi, huyu na mimi, na hatukuwahi kukaa karibu hivyo."

Walisoma ukurasa mmoja. Kisha Evelina alifunga kitabu na wote wawili wakakaa chini ya turubai lililofunika meza, wakiitazama mvua. Hakuna aliyesema pole wala samahani. Mvua ilipokatika, Agutu aliinuka, akachukua ndoo yake, akasema, "Kesho nakuja."

Alikuja kesho yake. Akaja na wenzake wa mwaloni, wanawake wenye harufu ya moshi na chumvi, kila mmoja na lake. Mmoja ana kijana aliyekwenda machimboni na hapigi simu. Mwingine amechoka tu, hajui kwa nini. Evelina aliwasikiliza, akamchagulia kila mmoja kitabu chake, na wasiojua kusoma akawasomea.

Na Jumamosi moja, Agutu alipoona wapita njia wanapita bila kutazama meza, uvumilivu ukamwisha. Alisimama katikati ya barabara akanadi kama anavyonadi dagaa: "Ukimya huu hapa, ukimya, njooni mchukue ukimya." Mtaa mzima ulisimama. Wapakiaji waliangua kicheko, wenye maduka wakatoka nje, na Evelina akaficha uso kwenye kitenge kwa aibu. Watu wakaja kushangaa, wakabaki kusoma.

Tangu siku hiyo Agutu hunadi kila Jumamosi akitoka mwaloni. Siku nzuri, Evelina huuza vitabu saba au nane. "Si hela ya dagaa," anasema, "lakini tunakula, na nalala vizuri."

Jumapili alasiri kundi lao hukutana juu ya miamba kando ya ziwa, Pasiansi. Wamo Wakatoliki, Wasabato, watu wa kanisa la AIC kama Agutu, na mama mmoja Mwislamu aliyekuja kumsindikiza jirani yake akaamua kubaki. Husomwa kurasa mbili, kisha kila mtu hukaa na Mungu wake. Ndege huvua samaki mbele yao. Mara nyingine mtu husinzia, na hakuna anayemwamsha. Baadaye hunywa uji wa ulezi na kuzungumza mpaka jua liguse maji.

Sasa Evelina anajiandaa kufungua chumba cha kusomea, mahali mtu asiye na uwezo wa kununua anaweza kukaa na kitabu bila kufukuzwa. Chumba amekipata Igoma. Upande wa kushoto kuna mashine ya kusaga, wa kulia kuna fundi wa kuchomelea mageti.

Wote walimshangaa. Obedi alimwuliza kama amekisikia chumba hicho mchana, au amekiona tu.

"Nimekisikia," anajibu Evelina. "Wengi walioandika vitabu hivi walikuwa na misitu na milima yao. Watu wetu wana mashine ya kusaga. Nataka wajifunze kutulia hapohapo wanapoishi."

Obedi anaendelea kuranda mbao za mabenchi, ingawa mkono wake umezoea mitumbwi na benchi la kwanza limetoka na tumbo kidogo. Agutu naye amekwisha kupewa kazi yake: atakaa mlangoni, awaite watu waingie, na wakishaingia wote, aingie anyamaze pamoja nao.

"Kuita nitaita," anasema Agutu, akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. "Hiyo ya pili ndiyo kazi."