Uzio wa Inkeri

Safari hii dada yangu Anastazia hakupiga simu kunisalimia tu. Aliniambia niende Kibondo na mabuti yangu nikamsaidie kung'oa uzio wa inkeri. Nilidhani sikumsikia vizuri. Inkeri ni vichaka vya miiba vyenye matunda madogo mekundu, yakiiva sana huwa meusi, na uzio ule aliupenda kuliko chochote alichowahi kupanda.

Asubuhi nilipanda basi Kigoma mjini. Njiani kwenda Kasulu nilikumbuka miche ile ilivyokuja. Mtaalamu mmoja wa kilimo aliileta kutoka mbali, akasema si ya huku ila itatufaa, itazuia mbuzi na watoto watapata matunda. Ikawa kweli. Dada alikuwa wa kwanza kupewa, na jirani yake Edita alimsaidia kuchimba mashimo. Baada ya hapo kila mama kijijini alitaka mche.

Tulipopita Kasulu ukungu ulikuwa bado umelalia migomba. Kadiri tulivyokaribia Kibondo ndivyo nilivyoona inkeri mahali pasipopandwa na mtu, kwenye mitaro na kwenye mashamba ya kahawa yaliyoachwa. Muuza nguo niliyekaa naye aliniambia ndege hula matunda na kuangusha mbegu. Siku hizi, alisema, ukiitaja inkeri watu wanasonya.

Jioni nilifika kwa dada. Nyumba ya Edita, ng'ambo ya uzio, ilikuwa imefungwa. Tukila ugali na maharage, dada alinieleza. Edita alikuja kwanza kumwomba apunguze matawi, kwa sababu machipukizi yalikuwa yameingia kwenye maharage yake. Akarudi tena kuomba vichaka ving'olewe. Dada alimjibu kwamba hawezi kuwafunga ndege midomo. Wakaacha kusalimiana. Msimu uliofuata shamba la Edita halikulimika, naye akahamia Buhigwe kwa mwanawe.

"Siku aliyoondoka nilimsikia anafunga mlango," dada alisema. "Nikakaa ndani."

Kulipokucha tulianza kazi. Nilikata kwa panga, dada akachimba kwa jembe. Miiba ilipenya glavu, na kila shina tulilong'oa liliacha mizizi iliyokatikia chini. Matunda yalikuwa yameiva. Dada alichuma machache akala amesimama, kisha akamwaga yaliyobaki motoni. Uzio ulipokwisha tulivuka kwenda upande wa Edita. Vichaka vilikuwa vimefika hadi ukutani. Hapakuwa na dalili kwamba pale paliwahi kulimwa.

Wakati wa kuondoka, dada aliniomba nipitie Buhigwe. Nimwambie Edita uzio umeng'olewa na arudi, watasaidiana kusafisha shamba.

Nilimkuta Edita nyuma ya nyumba ya mwanawe akianika mihogo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji, akaniuliza habari za wote nyumbani kabla ya kumtaja dada. Nilipotoa ujumbe aligeuzageuza mihogo iliyokwisha kugeuzwa.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Sina kinyongo naye. Lakini nimeshazeeka, mdogo wangu. Siwezi kuanza tena lile shamba."

Aliniuliza kama matunda yalikuwa yameiva. Nikamwambia ndiyo. Akasema wanawe walikuwa wakiyapenda sana.

Nilirudi Kigoma nikitafuta wa kumlaumu. Mtaalamu yule alituletea kitu kizuri kwa nia njema, na sisi tulikula tukashukuru. Lakini mmea mgeni unataka jicho la karibu tangu ukiwa mdogo, na wa kwanza kuona unavuka mpaka ni yule anayelima ng'ambo. Edita aliona. Alikuja akasema kwa upole, wakati kazi ile ingekuwa ya asubuhi moja.

Nilipofika nilimpigia dada, nikamwambia Edita harudi. Nilisikia upepo kwenye simu yake. Nikamuuliza yuko wapi.

"Niko shambani kwake, nang'oa," alisema. "Nimefika karibu na mlango."