Barua Mbili za Kifua Kimoja

Siku ya kwanza kazini nilipewa sindano ya kushonea magunia, kibonge cha uzi wa katani na onyo. Onyo lilitoka kwa mnyapara wa godauni pale Kilwa Masoko, mtu mfupi mwenye sauti ya kumwitia aliye ng'ambo ya mto. "Salumu," alisema, "humu ndani hatuhesabu mara moja. Anayehesabu mara moja ni mteja." Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku hiyo nilishona magunia thelathini na mawili. Akayahesabu, akapata thelathini na moja. Akarudia, akapata thelathini na mawili. "Umeona?" akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo mimi huhesabu kila kitu mara mbili, hata watoto wangu, nao ni sita tu.

Nyinyi vijana mmekuta mambo ya mnada na stakabadhi. Wakati wetu tajiri alinunua ufuta na korosho kwa mkulima, uso kwa uso, na msimu ulipofika sisi wafanyakazi tulitawanywa vituoni. Mimi nilianzia Kikole, kushika bambo. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji, unalichoma gunia ubavuni kinatoka na punje za katikati. Kazi yake ni muhimu, kwa kuwa juu ya gunia kila mkulima ni mwaminifu. Msimu uliofuata nikapelekwa Kinjumbi kwenye mizani, na baada ya hapo Likawage, nikiwa karani wa kituo, misimu mitano.

Likawage ndiko nilikosomea kubishana. Mama mmoja alinibishia kilo mbili za ufuta toka asubuhi mpaka adhuhuri. Nilisema mizani haidanganyi, akasema hata mume wake wa kwanza alikuwa akisema hivyo hivyo. Mwisho tukagawana, kilo moja kwake, moja kwangu. Kisha akanipa muhogo wa kuchoma, akasema nimekonda, nile. Nilikula huku nikijua kwamba nimeshindwa, ila sikuweza kuonyesha ni wapi.

Baada ya Likawage nikarudishwa Masoko kuwa mtunza ghala. Hapo ndipo nilipokuwa karibu na tajiri mwenyewe. Tulimwita Tajiri tu, hata mkewe alimwita hivyo akiwa na hasira. Babu yake alifungua duka Kilwa kabla godauni halijajengwa, naye alizaliwa chumba cha nyuma cha duka hilo, kati ya chumvi na mafuta ya taa. Kangomba, yaani kumnunulia mkulima mazao yake kwa bei ya dhiki kabla hayajaiva, aliipiga marufuku kwetu sote. Na hakuwahi kumwachisha mtu kazi. Aliyemwibia alimhamishia kituo kisicho na kitu cha kuiba.

Kazi ya mtunza ghala ina mambo matatu: kupokea, kupanga na kuchekecha. Magunia hupangwa juu ya machaga, zile mbao za chini, yasinyonye unyevu wa sakafu, tabaka juu ya tabaka mpaka mlima unakaribia bati. Ufuta huchekechwa kabla ya kupakiwa, na kila punje safi inaacha vumbi lake nyuma. Msimu wa ufuta ukiisha huingia salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, na mfuko mmoja ukipasuka godauni zima linapiga chafya. Tulijifunga leso usoni. Leso ilizuia punje, vumbi ilikuwa ikilikaribisha.

Kila Ijumaa nilipanda ngazi kuhesabu juu ya mlima. Miaka ya mwanzo nilipanda mpaka juu bila kusimama. Halafu nikawa napumzika kwenye kipago cha tisa. Halafu cha sita. Nilipofika kupumzika kwenye cha pili nikawaambia wenzangu kwamba naikagua ngazi.

Siku moja Tajiri aliniita kwenye benchi la mbele ya ofisi, akaagiza chai ya tangawizi, vikombe viwili.

"Salumu, jana ulihesabu juu?"

"Nilihesabu, Tajiri."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kumdanganya mtu yeyote, yeye nisingeweza. "Mara moja."

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Basi tumefika. Nenda nyumbani, ndugu yangu. Kifua hicho hakitaki godauni."

Sasa sikilizeni hapa, maana kosa langu lilizaliwa hapa, nalo lilizaliwa kwa wazazi wema. Kwetu watu wakiachana baada ya miaka mingi hutakana radhi. Huyu husema sikudai, yule husema nami sikudai, kila mmoja analala usingizi. Mimi nilitaka kufanya hivyo kwa maandishi, kwa sababu mimi ni karani. Nikaandika: "Naacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe. Sina dai lolote kwa Tajiri wangu, na pale nilipomkosea naomba anisamehe." Tajiri aliisoma akafuta miwani. Mnyapara, aliyekuwa amezeeka sasa, alitaka isomwe msikitini.

Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizopata kuandika, na ilikaribia kuniua njaa.

Miezi minane baadaye nilikuwa siwezi kutembea kutoka kitandani mpaka kisimani bila kukaa njiani. Mke wangu alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri ili watoto wetu wawili wa mwisho wabaki shuleni, na karo ya muhula uliofuata haikuwepo. Daktari aliyepiga picha ya kifua changu aliuliza kama mwajiri alikuwa akinichangia kwenye Mfuko wa hifadhi ya jamii. Nikasema ndiyo, kila mwezi.

"Basi kadai mafao ya ulemavu, mzee."

"Miguu ninayo miwili, daktari. Nimeihesabu."

"Na mapafu?"

Nikaenda Lindi. Afisa mafao alikuwa binti mdogo mwenye kilemba cha kijani. "Shikamoo, baba." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akasoma vyeti vya daktari akitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akafika kwenye barua yangu, akaisoma mara mbili. Nikampenda kwa hilo.

"Baba, umeandika vizuri sana," akasema. "Hapo ndipo penye tatizo."

"Tatizo gani?"

"Fao hili ni la mtu aliyetolewa kazini na ugonjwa. Wewe umesema umeondoka kwa hiari. Tena huna dai."

"Ile ni adabu tu, mwanangu."

"Najua baba, mimi nimezaliwa Kilwa Kivinje. Ningekuwa mimi peke yangu ningekuelewa. Lakini faili linakwenda kwa watu ambao hawajui kuagana kwetu. Lete barua ya mwajiri, aseme ukweli: nani aliamua uondoke, na kwa nini. Una siku thelathini."

"Nipe arobaini na tano."

"Baba, hapa hatupatani bei."

"Thelathini na tano?"

"Baba!"

Nikaenda kwa Tajiri na siku zangu thelathini. Nilimkuta kwenye benchi lile lile, mwanawe akiwa ndani na kompyuta. Nilipomaliza kueleza alinitazama kama mtu aliyerudishiwa zawadi.

"Salumu, tulisameheana. Ulisema hunidai."

"Wewe sikudai, Tajiri. Nakuomba ushahidi."

"Unataka niseme nini?"

"Kwamba nilikuwa mgonjwa kwa vumbi la godauni, na kwamba wewe ndiye uliyeniachisha kazi."

Mwanawe akatoa kichwa dirishani. "Baba, neno vumbi lisiandikwe. Watakuja wakaguzi."

"Rudi kwenye mashine yako," Tajiri akamjibu. Kisha akanigeukia mimi. "Vumbi naweza kulifikiria. Hilo la pili siwezi. Tangu nizaliwe sijamwachisha mtu kazi. Watu watasema nilikutupa."

"Ni kweli hukunitupa. Lakini ni nani aliyesema niende nyumbani?"

Akageuka kutazama barabara.

"Chai ya nani?" nikauliza. "Benchi la nani?"

"Unanibana, Salumu."

"Wewe ndiye uliyenipeleka Likawage."

Hapo akacheka, na mtu akicheka mkataba uko karibu. Nikamwambia: nakupunguzia vumbi. Lile fao halihitaji chanzo cha ugonjwa, linahitaji ugonjwa uwepo, na uwe ndio ulionitoa kazini. Wanunulie vijana wa godauni barakoa za kweli, mimi nitalisamehe neno. Wewe nipe lile jingine. Mwanawe akauliza barakoa ngapi. Nikasema mbili kwa kila mtu. Akasema moja. Tajiri akasema, "Mbili," akaomba kalamu.

Aliandika kwa mkono wake, polepole: "Mimi ndiye niliyemwachisha kazi Salumu, kwa sababu kifua chake kilikuwa kigonjwa na hakikuweza tena kazi ya ghala. Yeye asingeondoka. Barua yake ya kwanza ni ya heshima, msiihesabu." Alipotia saini macho yake yalikuwa na maji. Nami nilitazama magunia, niyape macho yangu kitu cha kufanya.

Jopo la madaktari lilinipulizisha mrija mara tatu, wakakubaliana kwamba siigizi. Kabla muhula haujaanza nikaitwa Lindi kusaini. Fao lilipitishwa. Mke wangu bado anakaanga vitumbua, ila sasa ni kwa sababu anavipenda, na hupumzika Ijumaa.

Wakija vijana wa maghala kuniuliza habari za kazi, nawafundisha bambo, machaga na jinsi ya kumtambua mkulima anayeanza na bei ya kweli. Mwisho nawaambia: radhi takeni kwa mdomo, mshikane mikono, mlie mkitaka. Kwenye karatasi andikeni ugonjwa kwa jina lake na aliyewaambia mwende.

Siku ile ya kusaini nilimwomba yule binti anirudishie barua ya Tajiri. Akasema haitoki, ni mali ya faili.

"Nipe nakala, basi."

"Baba, mafao umeshapata. Barua ya kuachishwa kazi unaitakia nini?"

Nikamwambia ni ya pekee ambayo mtu yule aliandika maishani mwake, na jina lililomo ni langu. Akainuka, akaenda kuitoa nakala.