Fundi wa Jiko Asiyejua Kuliwasha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimelala chali kitandani katika chumba chetu cha Kayole, mtoto mchanga analia ubavuni mwangu, na mume wangu amesimama mbele ya jiko alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ananiuliza, "Sasa hapa moto unaingilia wapi?"

Usicheke bado. Ngoja nikueleze vizuri, kisha tucheke pamoja. Mwenyewe yuko hapo nje anajifanya kusoma gazeti, lakini masikio yote yako huku ndani.

Njoroge alikuwa fundi wa jiko kule Kariobangi. Asubuhi mpaka jioni anagonga mabati, anakata, anakunja, anabandika udongo ndani, anapigilia miguu mitatu, na jiko likitoka hapo linasimama imara. Wanawake walikuwa wanatoka Dandora kulifuata. Walisema jiko la Njoroge halili makaa. Kinyozi hajinyoi, wazee walisema, na huyu wangu aliwapita vinyozi wote, maana kuwasha jiko hakuwahi hata siku moja. Alizaliwa Murang'a katika nyumba ya wavulana watupu, na kijana aliyeonekana karibu na moto alifukuzwa na mama yake kwa mwiko. "Toka! Unataka kuwa msichana?" Akaja mjini akala githeri, mahindi na maharage ya kibandani, halafu akanioa mimi.

Na mimi, nisikufiche, nilimpenda kupita kiasi. Maji ya kunawa nilimpelekea alipoketi. Hata sukari kwenye chai nilimkorogea. Majirani wa ploti, wapangaji wenzetu wa ua mmoja, wakawa wananisifu, "Mke ndiye huyo," nami nikavimba kichwa kama andazi.

Mpango ulikuwa mama yangu aje nitakapojifungua, kama ilivyo desturi. Lakini mama akateleza shambani, mguu ukavimba, hakuweza kusafiri. Mimi nikajifungua kwa shida, nikashonwa, na niliporudi nyumbani sikuweza kuinama wala kuchutama mbele ya jiko. Nesi alikuwa ametuambia, "Mama ale vizuri, anywe vitu vya moto kwa wingi, ndipo maziwa yaje." Njoroge akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa.

Siku ya kwanza akaniletea mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, na soda baridi.

"Kula," akaniambia kwa mapenzi. "Hii mutura iko na damu. Ile uliyopoteza itarudi."

Nilimwangalia, nikaangalia ile mutura, nikaanza kulia. Mtoto naye ananyonya, anavuta, hapati kitu, anapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Kesho yake kelele zikaanza kupungua, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Mtoto akilia kwa nguvu usiogope, mwanangu. Muogope anapoanza kulia kwa heshima.

"Njoroge," nikasema, "washa jiko. Uji tu. Mtoto huyu atatufia mikononi."

Akatoka na jiko mpaka uani. Akalijaza makaa, akamwagia mafuta ya taa kama anayenyeshea sukuma wiki, akawasha kiberiti. Lo! Moto ukapanda juu, ukamla nyusi moja, ukazima. Akamwaga tena. Ukapanda, ukazima. Nikapiga kelele kutoka kitandani, "Fungua kimlango cha chini!"

"Kipi?"

"Hicho cha chini! Cha hewa!"

Akainama, akakiangalia muda mrefu. "Hiki si cha hewa," akanijibu. "Hiki ni cha urembo."

Mwanangu! Mtu huyu alikuwa amekata vimlango hivyo miaka na miaka, anavitia bawaba, anavipaka rangi. Nilipomuuliza alidhani ni vya nini, akasema aliona mwalimu wake wa kazi akiviweka, naye akaviweka.

Basi kikafunguliwa, makaa yakaanza kushika kidogo kidogo, na mvua nayo ikaja, mvua ile ya Nairobi isiyopiga hodi. Njoroge akalibeba jiko mbiombio mpaka ndani, linatoa moshi. Ili mtoto asipate baridi akafunga dirisha, akaziba ufa wake kwa gunia. Akabandika sufuria ya maji. Halafu akakumbuka kwamba unga hatuna. Akatoka kwenda dukani, na mlango akaufunga vizuri nyuma yake.

Hapa huwa sicheki. Kichwa kilikuwa kizito, mishipa inagonga, nami nikadhani ni uchovu wa uzazi. Mtoto akanyamaza. Nikafurahi kwamba amenyamaza, fikiria! Nikasikia mtu anapiga hodi, lakini kwa mbali, kama yuko ng'ambo ya barabara.

Alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima wa chumba cha mkabala, aliyekuwa akiuza mahamri na viazi karai pale langoni. Alikuja kumwona mtoto. Alipoona haitikiwi hakungoja kukaribishwa. Alisukuma mlango, akalipiga teke lile jiko kwa patipati zake, likabingirika mpaka kwenye mvua na sufuria yake. Akamnyakua mtoto, akanivuta mimi kwa leso yangu mpaka nje kibarazani. Nikatapika. Mtoto alikuwa amelegea. Bi Zuhura akamshika kifudifudi mkononi, akamsugua mgongo, anasema, "Ya Rabi, ya Rabi." Kisha yule mtoto akapiga chafya, akaachia ukelele ploti nzima ikatoka. Sijawahi kufurahia kelele kama zile.

Wakati huohuo Njoroge akaingia, ameweka pakiti ya unga kichwani ajikinge na mvua.

"Wewe kijana!" Bi Zuhura akamwanza. "Nairobi nzima unaiuzia majiko, na moto wenyewe huujui? Makaa yakiwaka ndani kumefungwa yanaua, na hayamwamshi mtu kwanza. Ulitaka kuzika wawili?"

"Bi Zuhura, nilitaka wasisikie baridi…"

"Maiti ndiye asiyesikia baridi!"

Njoroge akakaa chini palepale kwenye matope, pakiti bado iko kichwani. Nami nilikuwa namhurumia, nikitikisa kichwa pole pole kama mke mwema, mpaka yule mama akanigeukia.

"Na wewe usinitazame kikondoo. Umemlea mume kama yai, leo limekupasukia mkononi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Je, mchelea mume kuungua?"

Sote tulingoja akunje mikono ya buibui atupikie. Ndivyo ilivyo, mzee akishagomba, hupika. Lakini Bi Zuhura aliomba kigoda, akaketi kibarazani, akakunja miguu.

"Nikiwapikia leo, kesho mtakula nini? Mimi nina mahamri yangu. Pika, kijana. Mimi nitakuwa mdomo, mikono iwe yako."

Basi mvua ilipokatika akafundishwa. Karatasi chini, makaa madogo juu yake, makubwa baadaye, kimlango wazi, ungoje moshi uishe hapohapo nje. Na hata moshi ukiisha, jiko lisiingie ndani palipofungwa, maana sumu yake haionekani. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi. Uji wa kwanza ulikuwa na madonge ya kuchezea watoto. "Rudia," akasema Bi Zuhura. Wa pili ukaungua. "Rudia." Wa tatu ulikuwa laini, ila sukari alisahau. Niliunywa wote, nikalamba na kikombe, nikaomba mwingine. Mume wangu hakulala mpaka alipohakikisha themosi imejaa.

Kesho yake mchana maziwa yakashuka. Mtoto akanyonya, tukasikia anavyomeza. Njoroge alikuwa ameketi sakafuni anasikiliza, machozi yanamtoka.

"Ni moshi," akasema. Hapakuwa na moshi.

Kuanzia hapo shule ikafunguliwa pale uani. Njoroge akirudi kutoka Kariobangi anakuta Bi Zuhura ameshaketi. Leo kupika njahi, yale maharage meusi ya mzazi, kesho kufua nepi, kesho kutwa kumwogesha mtoto bila kumtia maji masikioni. Wanaume wa ploti wakawa wanajikusanya penye mfereji, wanamcheka.

"Njoro, umekaliwa, buda! Umekaliwa na mke kabisa!"

"Cheka, baba, cheka," Bi Zuhura akamwambia yule aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. "Wako anajifungua lini?"

Yule bwana akachukua ndoo yake akaondoka. Mke wake alikuwa na tumbo la kukaribia. Jioni iliyofuata alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka nyuma kabisa, akasema amekuja kupunga upepo tu. Baada ya hapo kina mama wakaanza kutuma watoto wao, wa kike kwa wa kiume, kila mmoja na viazi vyake vya kumenya. Wengine walimenya mpaka kiazi kikabaki kama gololi, lakini walimenya.

Mambo yakiwa hivyo, mama mkwe akafika kutoka Murang'a.

Alishuka na kiondo cha ndizi mgongoni, akaingia langoni, akamkuta mwanawe amejifunga leso yangu kiunoni, anakoroga uji. Kiondo kikaanguka.

"Uuuwi! Wamemlisha nini mtoto wangu?"

Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Mwanangu, neno la mama mkwe lilikuwa linavunja nyumba asubuhi na jioni huna pa kulala. Na mimi sikuwaza nyumba, niliwaza ule uji. Akimtoa mwanawe jikoni, maziwa ya mtoto yanatoka naye, na zile kelele za heshima zinarudi. Nikasikia anakuja mlangoni, nikasikia, "Yuko wapi huyo mwanamke?"

Njoroge hakubishana. Alimimina uji kikombeni, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, umetoka mbali. Kaa kwanza. Onja, halafu unitukane."

Akaonja kama anayeonja dawa ya panya. Akalamba mdomo. Akaonja tena. Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anamhesabia mafunda. Kikombe kikaisha. Mama mkwe akakiweka chini, akasema, "Nileteeni mtoto."

Sasa kwetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa Wanjiku, kama bibi yake, na si jina tu. Tunasema ni yeye mwenyewe amerudi akiwa mdogo. Hata Njoroge alikuwa akimwita "mama" akimbeba. Basi Wanjiku mkubwa akampakata Wanjiku mdogo, aliyeshiba na kulala, mdomo una tone la maziwa. Akamwangalia weee.

"Nilizaa wavulana watupu," akasema, hatukujua anamwambia nani. "Kila nilipozaa, kesho yake niliamka nikawapikia. Hakuna aliyewahi kuniletea kikombe. Na mimi ndiye niliyewafukuza jikoni kwa mwiko."

Njoroge alikuwa ameinamisha kichwa.

"Lakini huyu ni mimi," mama mkwe akasema, akamfuta mtoto lile tone. "Basi hatimaye nimepikiwa."

Akanyoosha kile kikombe. "Ongeza. Na safari hii usibanie sukari."

Haya, mwanangu, sasa nikuambie ninalotaka kukuambia, maana najua una haraka, simu yako imeshalia mara kadhaa nami nimejifanya sisikii. Nyinyi vijana wa siku hizi, mlio na vyumba vya bedsitter huko mtaa wa Fedha, hata chai mnaagiza mletewe na mtu wa bodaboda. Sikatai, agiza. Lakini iko siku mtu wako ataugua, mtandao utagoma, mfuko utakuwa mtupu, na kutabaki wewe na mikono yako. Siku hiyo usiulize moto unaingilia wapi. Uwe wa kike uwe wa kiume, jua kupika chakula cha mgonjwa, jua kufua, jua kushona kifungo, jua kumbeba mtoto. Na makaa, nakusihi, yasilale ndani ya nyumba iliyofungwa. Nani amekuambia ukijua kazi hizi utapungua? Huyo hapo nje na gazeti lake amelishika juu chini, lakini binti zangu wanne na mvulana mmoja wamekula kwa mkono wake, na hakuna kilichompungua ila ile nyusi moja.

Nawe ukipata mtoto, usimfukuze jikoni, wala usimfanyie kila kitu ukadhani unampenda. Atamwaga, ataunguza, atakutia hasara ya unga. Mwambie arudie. Umleavyo ndivyo akuavyo, na unayemnyima mwiko leo ndiye atakayekutazama ukiwa na njaa kesho, anakupenda kweli, na hajui la kufanya.

Nenda sasa. Mungu akupe mikono isiyoogopa kazi, na sufuria isiyokosa kitu, na atakayelala mgonjwa nyumbani mwako asilale njaa. Na siku utakapolala wewe, mwanangu, akujie mtu na kikombe cha moto.