Kibali cha Jicho la Afisa

Leo afisa wa bima kaingia kliniki yetu ya macho hapa Kibiti akitokwa machozi.

Si huzuni. Alikwenda kijijini Maparoni kuhakiki kama wagonjwa wetu ni watu kweli, akapita wanapopepeta mpunga, kapi likamwingia jichoni.

Mimi ndiye msimamizi wa mikataba ya bima. Akanipa kadi yake. Nikamwambia, "Pole kaka. Kibali cha bima kwanza, ndipo utibiwe."

"Vibali si natoa mimi?"

"Huwezi kujiidhinishia. Kifungu hicho ulikiandika wewe."

Akapiga simu makao makuu yao Dar. Haikupokelewa, kama zetu siku zote.

Niiteni katili, sijali.

Bi Mwanaidi, mkulima aliyeletwa kupimwa jicho lililobaki, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Kaa, mwanangu. Mie kibali chako nilikingoja hapahapa, mpaka jicho likafa."