Mawe ya Kuchaji

Mama yangu aliishi Langas, mtaa wa pembeni wa Eldoret, katika nyumba isiyo na stima. Mimi nilifundisha fizikia mjini na nilikuwa na soketi mbili ukutani. Shahada yangu ilitafuta mahali pa kujionyesha, kwa hivyo nilipopata Nairobi mawe ya redio, yaani betri, ya kuchaji, niliyajaza nikampelekea.

"Haya hayaishi, Mama."

"Kabisa?"

"Yakiisha nayajaza tena."

"Basi yanaisha," akasema akicheka. Akayafunga kwa kitambaa, akayatia sandukuni pamoja na blanketi jipya na sabuni ya kunukia. Vitu vizuri vilingoja siku yake.

Redio kwake ilikuwa ya saa saba mchana, baada ya habari, wakati wa matangazo ya vifo. Dada yake alikuwa mgonjwa huko kwetu magharibi. Simu hatukuwa nayo, na barua ilijiendea ilivyotaka. Likitokea la kutokea, redio ndiyo ingemwambia.

Darasani niliwafundisha vijana kwamba betri ya kuchaji huisha hata ikikaa bure, wiki baada ya wiki, ilhali jiwe la kawaida la dukani, linalotumika mara moja tu, huweza kungoja mwaka mzima. Mama sikumwambia. Nani hutoa zawadi na kasoro zake?

Baada ya miezi mitatu mawe yake ya kawaida yalikwisha. Akatia yangu. Redio ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Kwa kuwa mwalimu alisema mawe hayaishi, na haya hayakuwa yametumika hata siku moja, mgonjwa alikuwa redio. Akaipeleka kwa fundi, ikakaa foleni juma zima. Fundi alipoifikia alitia mawe yake mwenyewe, ikaimba.

Jumapili iliyofuata nilimkuta binamu yangu, mwana wa yule dada, amesimama mlangoni kwa Mama. Alikataa kuketi.

"Mama mdogo, jina lako lilisomwa mara tatu. 'Dada wa marehemu, wa Eldoret.' Kenya nzima imesikia, isipokuwa wewe. Tulichelewesha jeneza hadi saa kumi."

Nikafungua mdomo. Nadhani nilitaka kueleza kemia.

Mama aliniwahi. "Redio iliharibika, mwanangu," akamwambia. "Ni kuukuu hii."

Binamu akanigeukia. "Na wewe mwalimu, mshahara wote huo, umeshindwa kumnunulia mama yako redio?"

"Nitamnunulia," nikasema.