Akina Mama, Shukeni Kidogo

Huku kwetu mwanamke akitaka kununua kitu kikubwa, mjomba huitwa. Mimi ni mwalimu, mshahara wangu, leseni yangu, lakini nilipotaka gari mjomba aliitwa vilevile. Alikuja na kofia yake, akakata shauri kabla hajamaliza chai.

"Chukua lile la injini ndogo, mpwa wangu. Mwanamke anakimbilia wapi?"

Magari yalikuwa mawili kwa dalali wa Kilwa Masoko, umbo moja kama mapacha: mafupi, ya chini, yamekaa kimbiombio. Moja lilikuwa na injini ya cc elfu moja mia tatu. Jingine elfu moja mia tano, tena lina turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa ya ziada. Sitaki kudanganya: kwa kwenda shule na sokoni, lile dogo lilitosha. Linaonja mafuta tu, na fundi yeyote analifungua. La turbo linakunywa, na ukichelewa kubadilisha oili linanuna. Hayo yote nilikuwa nayajua. Lakini nina mama Kipatimu, magoti yamemchoka, na kila mwezi namleta kliniki Masoko. Gari langu la kila siku lazima lipande ule mlima wa njia ya Kipatimu.

Na ule mlima una desturi yake. Gari likishindwa, dereva husema, "Akina mama, shukeni kidogo." Akina mama hushuka, hujifunga kanga vizuri na kupanda kwa miguu, wanaume wamekaa ndani wanatazama dirishani. Nimeyaona hayo tangu utotoni, na tangu utotoni yananichefua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjomba hajawahi kushushwa pale.

Siku ya kumrudisha mama tukaenda na magari yote mawili kuyajaribu, dalali akitufuata na lile la turbo. Nilianza na dogo: mimi kwenye usukani, mjomba mbele, mama nyuma na kiroba chake cha mchele. Katikati ya mlima likahema, likapungua mwendo, likasimama. Mjomba hakugeuza hata shingo.

"Akina mama, shukeni kidogo."

Mama alikuwa ameshashika kitasa. Nilikasirika, nikavuta breki ya mkono.

"Mama, kaa. Mjomba, kwa heshima zote, mimi naendesha na mama ana magoti. Aliyebaki ni wewe."

Alinitazama akidhani natania. Sikutania. Akashuka, akapanda kwa miguu na kofia yake mkononi, na gari likajikongoja nyuma yake hadi juu.

Huko juu niligeuza, tukashuka tena hadi chini alikotusubiri dalali, tukahamia la turbo, wote na kiroba. Nilitia gia ya pili, nikakanyaga. Likasita kidogo, turbo ikaamka, tukapanda.

"Hili linakula mafuta," alisema mjomba, akijifuta jasho.

"Nitalilisha."

"Na watu watasema."

"Waseme, mjomba. Wakichoka watapumzika."

Tulipofika pale lilipokwama lile dogo, nilimwona mama kwenye kioo. Mkono wake ulikuwa umeshakwenda kwenye kitasa, kwa mazoea. Ukabaki pale mpaka tulipopita, kisha akaurudisha mapajani.

"Nimezaliwa huku," alisema, "na kabla ya leo sijawahi kupanda hapa nimekaa."